Léopold: jina lililopewa mgodi wa Kipushi

Mgodi wa Kipushi, uliopo kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, mpakani mwa Zambia, ulianza kuchimbwa mwaka 1924 na ukaitwa Prince Léopold. Mwanamfalme huyo, mzaliwa wa 1901, ndiye aliyekuja kutawala Ubelgiji kama Léopold wa Tatu.

Wengi hudhani jina hilo lina simba ndani yake, kwa sababu ya neno leo la Kilatini. Sivyo. Umbo lake la kale katika Kijerumani ni Liutbald: liut ni watu, na Wajerumani hadi leo husema Leute, nayo bald ni jasiri. Simba aliingizwa na waandishi waliokizoea Kilatini wakabadili tahajia.

Vitabu vya majina huunganisha mashina hayo na kutuambia maana yake ni "jasiri miongoni mwa watu wake". Mimi nasita. Wajerumani wa kale walikuwa na akiba ya mashina waliyoyapanga mawili mawili, na mara nyingi mtoto alirithi shina moja kutoka jina la mzazi, hata kama mawili hayo hayakujenga maana pamoja. Bald hiyohiyo imetangulia katika Baudouin, ikifuatwa na wini, yaani rafiki. Albert, babake mwanamfalme wetu, amejengwa kwa adal, ukoo bora, na beraht, -angavu. Basi ramani ya Kongo ya kikoloni ilijaa Kijerumani cha kale kilichopitia vinywani mwa Wafaransa: Léopoldville, Albertville, Baudouinville. Siku hizi ni Kinshasa, Kalemie na Moba.

Kwetu jina hili lilichafuliwa na Léopold wa Pili. Aliifanya Kongo mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, watu wakafa kwa ajili ya mpira, naye hakuwahi kuikanyaga ardhi hiyo. Shina la "watu" halikumzuia.

Mgodi uliingia mikononi mwa kampuni ya serikali mwaka 1967. Majina ya watu nayo yaliguswa: mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na akina Léopold wakalazimika kutafuta majina ya mababu. Baadaye majina ya ubatizo yakarudi. Mzazi Mkatoliki anayelichagua jina la Léopold sasa hana haja ya kumfikiria mfalme yeyote wa Ubelgiji: yupo Mtakatifu Leopold wa Austria, aliyefariki mwaka 1136 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1485. Sikukuu yake ni tarehe 15 Novemba, ambayo Wabelgiji nao huiadhimisha kama Siku ya Mfalme.