Mimea ya Nyumba Yenye Paka: Tumchagulie Asiyeweza Kujichagulia



Paka katika nyumba za mwambao ni kama mmoja wa watu wa nyumba. Lamu utamkuta barazani na gatini akingoja vichwa vya samaki. Mombasa hulala juu ya mkeka wa bibi, na hakuna amfukuzaye. Dini nayo imempa nafasi hiyo. Katika Hadithi iliyopokewa kwa Abu Qatada, Allah amridhie, tumefunzwa kwamba paka si najisi, kwani yeye ni katika wale watuzungukao majumbani mwetu.

Lakini nyumba zetu zimebadilika. Zamani paka alikuwa na ua, na paa, na kichochoro. Akitaka nyasi za kumsafisha tumbo alizitafuta mwenyewe. Leo aila nyingi zakaa katika ghorofa, mlango umefungwa na dirisha lina wavu, na paka hakanyagi ardhi. Wakati huohuo akina mama wamependa kuzipamba sebule zao kwa mimea hai iliyopandwa katika vyungu. Hilo ni jambo jema, ila yatupasa tukumbuke kwamba mnyama tuliyemfungia hana uchaguzi. Akichoshwa na kukaa bure atatafuna kilicho mbele yake, na kilicho mbele yake ni kile tulichokiweka sisi.

Sote twaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie. Anayefunga amejitwika dhamana. Na kuchagua mmea wa kuweka karibu na paka ni sehemu ya dhamana hiyo.

Mimea ya kutoingia kabisa

La kwanza kwa hatari ni ua la lili, lile kubwa lenye harufu kali lipatikanalo katika mashada ya harusi. Kwa mwanadamu ni pambo tu, lakini kwa paka ni mauti. Jani lake, ua lake, ungaunga wa chavua unaomwangukia paka manyoyani kisha akaulamba, hata maji ya chombo lilimotiwa, vyote huharibu figo zake. Mwanzo hutapika na kukataa chakula, akajikunyata pembeni. Baadaye mkojo hukatika, na baina ya siku moja na tatu figo huwa zimekufa. Akifikishwa kwa daktari wa mifugo mapema aweza kuokoka. Zikipita saa 18 hivi bila ya tiba, matumaini hupungua sana. Basi mwenye paka akipokea shada la harusi, alichambue mlangoni kabla ya kuliingiza ndani. Tusilichanganye ua hili na yungiyungi la ziwani. Hayo ni mawili mbalimbali.

La pili ni mtapo, mti unaofanana na mnazi mfupi. Huota katika misitu yetu ya pwani, na jamaa zake wa kigeni huuzwa vitaluni kwa uzuri wa majani yao. Sumu yake huua ini, na iliyo kali zaidi imo katika mbegu. Wazee wa pwani walioula wakati wa njaa hawakuula ila baada ya kuuroweka na kuukausha. Paka hajui kuroweka.

La tatu ni mimea iudhuruyo moyo: olianda, ambayo Waarabu huiita difla, na waridi la jangwani lenye shina nene na maua mekundu. Hii hupandwa sana bustanini kwa kuwa hustahimili jua na upepo wa chumvi. Haifai karibu na paka, wala karibu na mtoto atambaaye. Tuongeze hapo mbarika, ambao mbegu zake ni sumu kali, na mnyaa, ambao utomvu wake huunguza macho.

Mimea ya kuweka mbali

Iko mingine isiyoua aghalabu, lakini huumiza. Mmea wa pesa, ule utambaao wenye majani ya umbo la moyo, pamoja na difenbakia yenye majani mapana ya madoadoa, ina vijisindano vidogo visivyoonekana kwa jicho. Paka akitafuna, kinywa humwasha na mate humchuruzika. Mshubiri nao, juu ya sifa zake kwa ngozi zetu, humtapisha paka na kumharisha. Mwenye kuipenda mimea hii na aitundike juu, ila akumbuke kwamba paka ni mpandaji hodari, na jani lililokauka huanguka sakafuni.

Wengine husema: mbuzi wangu hula jani hili na hadhuriki. Hiyo si hoja. Mbuzi ni mla majani, paka ni mla nyama, na ini lake lina udhaifu katika kuvunja baadhi ya sumu ambazo wanyama wengine huzimudu.

Mimea ya amani

Alhamdulillahi, mingi katika tuipendayo haina madhara. Asumini na mrehani, vinavyopamba vikuba vyetu, havina sumu kwa paka. Waridi vilevile, ila miiba yake. Asumini wataka jua, basi uwekwe dirishani au kwenye roshani. Kwa sebule yenye kivuli kuna mmea-buibui, wenye majani membamba yenye mistari meupe na vitoto vining'inavyo. Asili yake ni hapa hapa Afrika, nao huvumilia kusahauliwa. Mpopoo wa mapambo, uliotoka Bukini, hupendeza pembeni mwa chumba. Feni hupenda unyevunyevu, hivyo hustawi karibu na bafu.

Zaidi ya yote, mpandie paka nyasi zake mwenyewe. Chukua punje za ngano au shayiri zisizotiwa dawa, zirowekwe usiku mmoja, kisha zifunikwe kwa udongo kidogo katika sahani pana. Baada ya wiki moja hivi zitakuwa zimechipua za kutosha. Paka mwenye nyasi zake huelekea kuyaacha maua ya mwenye nyumba. Lakini usipande mtama, kwani chipukizi zake changa zina sumu, kama wafugaji wajuavyo.

Udongo na dawa

Mmea salama waweza kubeba kisicho salama. Unaponunua kitaluni, uliza kama umepigwa dawa ya wadudu, kwani dawa nyingine, hasa zenye pamethrini, ni hatari kwa paka. Osha majani, na uuache mmea nje kwa muda kabla ya kuuingiza.

Udongo wa chungu, kadhalika, paka huuona ni mahali pa haja. Ufunike kwa changarawe. Na hapa twawausia dada zetu wajawazito: kinyesi cha paka chaweza kuwa na kijidudu kiitwacho toksoplasma, ambacho humdhuru mtoto tumboni. Mjamzito asishike udongo huo pasina glavu, na aoshe mikono kwa sabuni baadaye. Afadhali kazi hiyo aifanye baba au mmoja wa vijana.

Likitokea la kutokea

Paka akila mmea unaoutilia shaka, usimtapishe kwa nguvu, wala usimnyweshe maziwa ukidhani ni dawa. Mpangusie kinywa na manyoya kwa maji safi, chukua kipande cha mmea wenyewe, na umpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja dalili. Kwa mtoto aliyetafuna jani ni hivyo hivyo: kipande cha jani mkononi, na mwendo ni hospitalini.

Yote haya hayahitaji gharama kubwa. Yahitaji swali moja kabla ya kulipa: mmea huu, atakayeuonja nyumbani mwangu ni nani? Kiumbe aliye chini ya dari yetu hana ulimi wa kutuuliza, nasi tutaulizwa juu yake. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachungaji wema wa kila tulichopewa. Wabillahi tawfiq.