Unga wa bei nafuu, sawa. Lakini unga gani?

Uzi mfupi, wadau. Kila msimu wa siasa bei ya unga inarudi jukwaani. Mmoja anaahidi kuishusha, mwingine anasema pesa hiyo haipo, na sisi huku tunarushiana maneno hadi usiku wa manane. Ni wachache wanaouliza ndani ya pakiti kuna nini.

Tangu 2012, sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani Kenya uongezwe virutubisho. Kuna vitamini A, madini ya chuma na zinki, na vitamini kadhaa za kundi B, zikiwemo B12 na asidi ya foliki. Wale wa "tunawekewa kemikali" watulie kidogo: mahindi yakikobolewa ndio unga utoke mweupe, vitamini B nyingi huenda na maganda na kiini.

Nitakaa kwa foliki, manake siasa iko hapo.

Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama mrija mdogo, na mrija huo hufungwa ndani ya siku 28 hivi baada ya mimba kutungwa. Usipofungwa vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Utafiti uliochapishwa Uingereza 1991, uliofuata wanawake waliowahi kupata mimba yenye tatizo hilo, ulionyesha kwamba foliki ilipunguza hatari ya kujirudia kwa asilimia 72.

Sasa piga hesabu. Siku ya 28, hedhi imechelewa wiki mbili tu. Wengi hata hawajajua, sembuse kwenda kliniki. Tembe za kliniki zinasaidia sana dhidi ya upungufu wa damu, lakini kwa huo mrija mara nyingi zinafika kama mgeni baada ya sherehe. WHO inashauri mikrogramu 400 kila siku tangu kabla ya mimba. Na mimba ambayo hakuna aliyeipanga je? Ndiyo maana Marekani na Canada ziliweka foliki kwenye unga kufikia 1998, na Afrika Kusini 2003, hadi unga wa mahindi.

Wanaopinga wana hoja, si wote ni wapiga kelele. Foliki nyingi inaweza kuficha dalili za ukosefu wa B12 kwenye damu huku neva zikiendelea kuharibika, hasa kwa wazee. Uingereza walibishana miaka mingi, serikali ikakubali 2021. Kwangu mimi, kiwango cha unga ni kidogo na mgongo wazi ni wa maisha, kwa hivyo naunga mkono.

Kinachonikera ni kwamba sheria yetu inaishia kwenye lango la kiwanda. Anayenunua mahindi kwa gorogoro na kusaga kisiagini hapati foliki ya kuongezwa, na mara nyingi huyo ndiye mwenye kipato kidogo. Kufunga mashine ya kuchanganya kwenye kila kisiagi kunataka pesa na mkaguzi, na hakuna kiongozi atakayepigwa picha na ugonjwa ambao haukutokea.

Akija kwenu na ahadi ya unga, muulize kama ruzuku yake inafika kisiagini. Na kama kisiagi cha kwenu tayari kinachanganya virutubisho, niandikie hapo chini wanatoza ngapi kwa gorogoro.