Ziwa Babati na Miteremko Yake

Mwenye kutoka Arusha kwenda Dodoma hufika Babati akiwa na Mlima Kwaraa mkono wa kushoto, kisha, akiisha kuupita mji, hulikuta ziwa. Wengi huwatupia viboko jicho moja, wakaendelea na safari. Lakini mji huu umekaa baina ya miteremko na maji, na khatari yake imo humo.

Ziwa Babati limo katika Bonde la Ufa. Kina chake ni kifupi, wala hakuna mto wa kudumu utokao humo. Ziwa la namna hii aghalabu huwa la magadi, kama Ziwa Manyara lililo kaskazini yake, kwa kuwa jua hunyanyua maji likaiacha chumvi. Hili la Babati ni tamu, na perege huvuliwa humo. Sababu ni kuwa maji yake hupenya chini kwa chini, na mvua zikizidi humwagika upande wa mji. Basi mafuriko tunayoyalaumu ndiyo pia yanayoliosha ziwa.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1990, maji yalipoingia mjini. Mvua ilikuwa nyingi, hilo hatulikatai. Lakini mteremko uliofyekwa kwa mashamba na kuni hauyanywi maji. Huyaachia yashuke kwa kasi, yakiwa yamebeba udongo. Udongo huo hutua ziwani, sakafu ikapanda, na ziwa likawa jepesi zaidi kufurika.

Katika wilaya jirani, tarehe 3 Desemba 2023, ubavu wa Mlima Hanang uliporomoka, matope na mawe yakaushukia mji wa Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Sababu iliyotajwa huko ni mwamba dhaifu ulioshiba maji, si shoka la mkulima. Hata hivyo, aishiye chini ya mlima amepata la kutazama.

Juu ya Kwaraa upo msitu wa hifadhi wa Ufiome; mashaka yako chini yake, mashambani. Na wilaya hiyo hiyo ina mfano wake. Serikali ilipotaka kuufanya hifadhi msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, vijiji vinane viliomba viulinde vyenyewe. Tangu miaka ya 1990 vimeweka walinzi na sheria ndogo zao, na palipokuwa visiki pakachipua.