Mkaribishe Mgeni Kabla Taa Hazijazimwa

Filamu ilipokwisha Jumamosi ile na nikawasha taa, nilimwona bibi jirani yetu amekaa kwenye kiti cha mwisho, ubavuni mwa ukuta, mikono ameiweka mapajani. Tishu niliyompa alipoingia ilikuwa bado imekunjwa vilevile. Sinia la sambusa, visheti na karanga nilikuwa nimeliweka kwenye meza ya katikati, na vijana waliokaa mkekani walikuwa wamekwisha kulifagia. Yeye hakuonja hata punje.

"Bibi, mbona hukula?"

"Nimeshiba, mwanangu. Filamu nzuri, Mungu akubariki."

Sisi watu wa Pwani tunaijua "nimeshiba" ya mgeni. Haihusu tumbo, ni stara. Bibi wa miaka sabini na ushei hawezi kuinuka gizani, aruke miguu ya vijana na kuwakinga watu picha kwa ajili ya kisheti. Alikaa saa mbili nzima na harufu ya sambusa puani, akanyamaza. Kosa lilikuwa langu, na usiku ule sikupata usingizi upesi.

Nyumba yetu iko Makorora, Tanga. Wanangu wa kiume walipohama kwenda kuanza maisha yao, chumba chao tukakifanya cha sinema. Ukuta mmoja tumeupaka rangi nyeupe, dirishani tumetundika kaniki mbili, projekta ya mtumba iko juu ya kabati, na kuna spika mbili, viti sita na mkeka. Lakini ninayoyasema hapa yanamhusu hata mwenye televisheni tu ukutani, ambaye majirani hujaa kwake siku ya Simba na Yanga.

Nimegundua kwamba sebuleni mwenyeji hukirimu kwa macho. Unaona kikombe kimepungua, unaongeza. Unaona mgeni anasita, unamsogezea sahani na kumwambia "karibu, usione haya." Taa zikizimwa, macho hayo huna tena, na mgeni naye hana pa kukutazama. Ndiyo maana ukarimu wa chumba cha sinema lazima uwe umekamilika kabla giza halijaingia.

Dawa niliipata kwa marehemu mama. Enzi zake miji ya Pwani ilikuwa na maonyesho ya sinema ya wanawake peke yao, na alipenda kutusimulia walivyokuwa wakienda na karanga zao kwenye karatasi iliyoviringishwa kama faneli, kila mmoja na yake. Sasa nami nafanya hivyo. Sinia nimeliondoa. Kila mgeni anakuta kitini pake karatasi yake ya karanga au bisi ndani ya kikombe kipana kisichopinduka ovyo, na tishu mbili. Kikombe nakiweka upande wa kulia, ili hata gizani mkono wa kulia ndio ukifikie. Wazee nawapa wao kwanza, mkononi, kwa maneno: "Shikamoo bibi, hiki chako, kiko hapa kuliani." Mtu akishakabidhiwa chake, haya inamwondoka. Hana haja ya kuomba wala kunyoosha mkono mbele ya mwenzake.

Nawanawisha wageni wote kabla hawajakaa, kwa birika na beseni kama tunavyofanya kwenye chakula. Gizani hakuna wa kukupeleka bombani.

Kuchagua cha kuwapa nako kuna adabu yake. Kitafunio cha gizani kisiwe na kelele, kisichuruzike na kisihitaji kutazamwa. Krispi za mihogo ni tamu, lakini mfuko wake ukiguswa tu unazima maneno ya waigizaji. Nazimimina bakulini mapema, au naacha kabisa. Achari, ukwaju wa kulamba na mishkaki havina nafasi. Ubuyu nao una mbegu, na mgeni gizani hajui azitemee wapi. Visheti vilivyokauka vizuri, korosho, kashata zilizokatwa vipande vya kumeza mara moja, hivyo ndivyo vinavyokaa.

Na sambusa? Sambusa zina wakati wake. Filamu za Kihindi zilitufundisha jambo hilo zamani. Sholay ya mwaka 1975 inapita saa tatu, na filamu nyingi za kule hutengenezwa na mapumziko katikati. Nami nayaweka mapumziko, hata filamu ikiwa fupi. Tulipoangalia Vuta N'kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, nilisimamisha katikati nikawasha taa. Hapo ndipo zikaja sambusa za moto, kachori, ndimu, chatine ya nazi na chai ya tangawizi. Watu walikula wakitazamana, wakabishana kuhusu Yasmin na Denge, aliyetaka kwenda msalani akaenda. Chenye mafuta na harufu kinaliwa kwenye taa, kikavu kinaliwa gizani. Tangu nishike kanuni hiyo, mito yangu haijapata doa.

Kuhusu bisi, zikaange wageni wakiwa wanavua viatu mlangoni. Ndani ya kila punje ya mahindi ya bisi mna maji kidogo, kama asilimia 14. Moto ukifika nyuzi 180 hivi, maji yale yanakuwa mvuke na punje inapasuka. Mahindi yakikaa wazi yanakauka, ndipo unapopata punje ngumu chini ya sufuria, hatari kwa meno ya wazee. Yafungie kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana. Unapokaanga, acha upenyo mdogo kwenye mfuniko mvuke utoke, la sivyo bisi zinalegea. Chumvi itwange laini ishike vizuri, kisha zichambue kabla ya kugawa.

Kuna mambo ambayo lazima yaulizwe mapema, siku ya kualika. Nauliza kwenye simu: nani ana sukari, nani karanga zinamdhuru, nani anakuja na mtoto. Kumuuliza mtu maradhi yake mbele ya watu ni kumvunjia heshima, na gizani hawezi kuona kilichomo kikombeni. Soda ya kola ya mililita 300 ina kama gramu 30 za sukari, kwa hiyo mwenye kisukari namwekea maji baridi au chai isiyotiwa sukari bila kumtangaza. Madaktari wa watoto wanashauri mtoto wa chini ya miaka minne asipewe bisi wala karanga nzima, kwa kuwa humkaba kwa urahisi. Gizani mtoto anaweza kupaliwa usimwone. Huyo namkatia ndizi mbivu, vipande vidogo, na anapakatwa nami mwenyewe au na mama yake.

Bibi jirani nilimwalika tena Jumamosi iliyofuata. Nilimweka kiti cha mbele, nikamkabidhi karatasi ya visheti mkononi kabla sijazima taa. Filamu ilipoanza nilisikia kisheti kikivunjika taratibu upande wake, mara moja, kisha tena. Sikugeuka kumtazama.

Mwisho wa filamu nawasha kwanza taa ndogo, macho yazoee na watu wapate kujifuta. Kisha nafunga vilivyobaki, maana Tanga mgeni haondoki mikono mitupu ilhali nyumbani ameacha watoto. Jumamosi hiyo ya pili, nikiwa bado nakusanya vikombe, bibi akanishika mkono, akaninyooshea karatasi yake tupu.

"Mwanangu, hii usiitupe. Nitilie na wajukuu."

Ni mara ya kwanza kuniomba kitu nyumbani kwangu. Nikaijaza mpaka pomoni.