Ufahamu wa Kusikiliza Kijapani kwa Msemaji wa Kiswahili: Kutoka Hatua ya Mwanzo hadi Hatua ya Kati

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kijapani anayekamilisha hatua ya mwanzo aghalabu hujikuta katika hali ya kutatanisha. Sentensi akizisoma huzielewa, na maneno yake anayajua. Lakini sentensi hizo hizo zikitamkwa kwa kasi ya mazungumzo, hazitambui. Uzito wa tatizo hili unadhihirika katika Mtihani wa Umahiri wa Lugha ya Kijapani (JLPT), ulioanza mwaka 1984 ukiwa na ngazi nne. Mwaka 2010 ngazi zilifanywa tano, na N3 ikawekwa katikati ili kuziba pengo lililokuwapo baina ya ngazi ya tatu na ya pili za awali. Katika N3, kusikiliza kuna alama 60 kati ya 180. Mtahiniwa anayepata chini ya 19 katika sehemu hiyo hushindwa mtihani wote, hata kama jumla yake imevuka 95 zinazohitajika.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa msemaji wa Kiswahili, kiini cha tatizo si uhaba wa msamiati peke yake, bali ni mazoea ya sikio lililolelewa na Kiswahili. Yatajadiliwa mambo matatu: urefu wa sauti, ufifiaji wa maumbo na nafasi ya kitenzi. Kisha zitapendekezwa mbinu za mazoezi.

2.0 Urefu wa Sauti

Kiswahili na Kijapani zote zina irabu tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Mfanano huu humsaidia mwanafunzi anapotamka, lakini humhadaa anaposikiliza. Kipimo cha Kijapani ni mora, yaani kipande cha muda. Irabu ndefu huhesabiwa mora mbili. Konsonanti iliyokazwa huongeza mora moja. Na king'ong'o kinachofunga silabi ni mora kamili. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. obasan 'shangazi' : obaasan 'bibi'
b. kita 'alikuja' : kitta 'alikata'
c. kinen 'ukumbusho' : kin'en 'kutovuta sigara'

Yaweza kudaiwa kwamba irabu zinazofuatana si ngeni kwa Mswahili, kwani hutofautisha kufa na kufaa bila taabu. Hata hivyo, katika jozi hiyo mkazo nao huhama: kúfa, kufáa. Sikio lake limezoea kuutegemea mkazo huo wa silabi ya pili kutoka mwisho. Kijapani hakina mkazo wa nguvu wa namna hiyo; kina kidatu, ambacho hufuata kanuni zake chenyewe. Hivyo ishara iliyozoeleka haipo, na maneno mawili husikika kama moja.

Kwa upande wa king'ong'o, Kiswahili ni msaada mkubwa. Anayesikia silabi mbili katika neno nchi tayari ana msingi wa kusikia mora mbili katika hon 'kitabu'.

3.0 Maumbo Yanayofifia

Irabu i na u, zinapokuwa baina ya konsonanti zisizo ghuna, au mwishoni baada ya konsonanti ya aina hiyo, aghalabu hupoteza ughuna. Suki 'kupenda' husikika kama ski, na desu kama des. Mswahili, anayetarajia irabu itamkwe waziwazi, huitafuta asiione. Na wakati akiitafuta, maneno matatu yamekwisha kumpita.

Zaidi ya hayo, mazungumzo hufupisha maumbo yanayofundishwa darasani:

(2) a. tabete iru > tabeteru 'anakula'
b. tabete shimatta > tabechatta 'amekwisha kula'
c. ikanakereba naranai > ikanakya 'lazima aende'

Mwanafunzi aliyefundishwa maumbo ya kushoto pekee huyachukulia ya kulia kuwa maneno mapya, ilhali ni yale yale anayoyajua.

4.0 Nafasi ya Kitenzi

Katika Kiswahili, kiambishi cha mwanzo cha kitenzi hueleza mapema nani anatenda, na kama tendo linakanushwa. Kijapani huyaweka mengi ya hayo mwishoni, na mtenda aghalabu hatajwi:

(3) Tanaka-san wa ashita Kyoto e ikanai to omoimasu.
'Nadhani Tanaka hatakwenda Kyoto kesho.'

'Nadhani', linaloanza sentensi ya Kiswahili, ndilo linalofunga ya Kijapani (omoimasu). Ukanushi nao hutanguliwa na shina la kitenzi (ikanai). Anayefasiri neno kwa neno huwa bado yuko 'kesho' wakati uamuzi wa sentensi unatamkwa. Athari zake si za mtihani tu. Anayeishi au kufanya kazi Japani huweza kulichukua katazo kuwa ruhusa.

5.0 Mbinu za Mazoezi

Kwanza, imla fupi. Mwanafunzi asikilize kipande cha sekunde kumi hadi ishirini na kukiandika kwa kana, si kwa herufi za Kirumi, kwa kuwa kana huonyesha kila mora. Kisha alinganishe na matini. Kila kosa litamwonyesha kama sikio lilipotewa na urefu, irabu iliyofifia au umbo lililofupishwa.

Pili, kufuatisha. Hapa mwanafunzi hurudia maneno ya msemaji papo hapo, akiwa nyuma yake kwa kitambo kidogo. Zoezi hili humnyima nafasi ya kufasiri kichwani. Matini yake sharti yawe yale ambayo karibu maneno yote anayajua.

Tatu, kukisia mwisho. Mwalimu asimamishe sauti kabla ya kitenzi, wanafunzi wakisie kama sentensi itakubali, itakana au itaomba. Zoezi hili huwaandaa pia kwa swali la kufahamu kiini cha mazungumzo, ambalo halimo katika N4 bali huanza N3.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba pengo baina ya hatua hizi mbili haliwezi kuzibwa kwa kuongeza orodha za maneno pekee. Mwalimu wa wasemaji wa Kiswahili hana budi kuanza na kile ambacho sikio la mwanafunzi limezoea, atenge kinachosaidia na kinachopotosha, na kukipa kila kimoja zoezi lake.