Mnandi Anapoanika Mabawa

Ukisimama asubuhi ufukweni mwa ziwa, Mwanza, karibu na Jiwe la Bismarck, utamwona mnandi ametua mwambani, mabawa ameyatandaza kama nguo kambani. Hasogei. Mara mojamoja huyapunga taratibu, matone yakadondoka, kisha hutulia tena. Wengi hudhani anaota jua. Kumbe ametoka kuvua, amelowa, na anakausha manyoya.

Bata hutoka majini maji yakimteleza mgongoni. Iweje mnandi, ambaye riziki yake kubwa ni samaki, ndiye alowe?

Jibu limo ndani ya unyoya wenyewe. Manyoya ya bata yameshikana barabara na kufungia hewa chini yake, na hewa hiyo humfanya aelee kama boya. Aeleaye vizuri huzama kwa taabu. Unyoya wa mnandi una sehemu mbili: katikati, karibu na shina, maji hayapiti, na hapo hubaki hewa kidogo ya kuikinga ngozi na baridi, ilhali kingo zimelegea, maji yanapenya. Hewa ya ziada ikishatoka, ndege huenda chini bila kushindana na ziwa. Mabawa huyabana ubavuni, akajisukuma kwa miguu. Itazame miguu hiyo ukipata nafasi: vidole vyote vinne vimeungwa kwa utando, ilhali kwa bata ni vitatu tu. Hata matundu ya pua yameziba kwa nje, hivyo hupumulia mdomo.

Jirani yake mbizi, mwenye shingo kama nyoka, hulowa zaidi. Huogelea mwili wote ukiwa majini, shingo tu ikionekana, na humchoma samaki kwa mdomo uliofumbwa. Sisi tunaposema kupiga mbizi tunalitaja jina lake, na kwangu hakuna ndege aliyestahili heshima hiyo kuliko yeye.

Lakini uwezo huu wa kuzamia una gharama. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Kwa ndege wanaoogelea kwa mabawa badala ya miguu, bawa la kusukuma maji hutakiwa liwe fupi na gumu. La kuruka, pana na jepesi. Kuna ndege wa bahari za Aktiki, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, anayetumia mabawa yaleyale angani na majini. Watafiti waliompima nchini Kanada walitangaza mwaka 2013 kwamba akiruka hutumia nguvu takriban mara 31 ya anazotumia akiwa ametulia. Anaruka, ndiyo, ila yuko ukingoni kabisa mwa uwezo wake. Ngwini alikwisha kuuvuka ukingo huo zamani: bawa lake limekuwa kasia, na anga ameiacha.

Yupo na mnandi aliyeiacha anga vivyo hivyo. Anaishi visiwa vya Galápagos, mbali na pwani ya Ekuado, ambako hapakuwa na mnyama wa nchi kavu wa kumwinda wala haja ya kusafiri mbali kutafuta samaki. Ndiye mzito kuliko minandi wote, na mabawa yake ni kama theluthi tu ya ukubwa ambao mwili huo ungehitaji ili upae. Yamebaki vipande vyenye manyoya machakavu. Hata hivyo, kila atokapo baharini hupanda mwambani, akakunjua vipande hivyo na kuvianika juani, sawa kabisa na ndugu yake wa Mwanza.