Nambari kwenye mashine si ushahidi: Jinsi ya kukagua mkazo wa nyuzi za raketi

MCHEZAJI wa badminton anapompelekea fundi raketi yake huagiza jambo moja tu: afungiwe nyuzi kwa mkazo wa ratili 24, 26 au 28. Fundi huiweka mashine kwenye nambari hiyo, akavuta nyuzi, akapiga fundo na kupokea malipo yake. Ni nadra kwa yeyote kati yao kuuliza iwapo mashine yenyewe inasema kweli.

Swali hilo ni zito kuliko linavyodhaniwa. Nambari inayoonekana kwenye mashine ni dai tu. Springi huchoka, vumbi huingia kwenye reli, vipuri hulegea mashine inapohamishwa, na kifaa kilichotoka kiwandani kikiwa sahihi huanza kupotoka pole pole bila mwenyewe kutambua.

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, mkulima asiyelikagua jembe lake hana wa kumlaumu mpini unapochomoka shambani. Habari njema ni kwamba ukaguzi wa mashine ya raketi hauhitaji maabara. Mizani ndogo ya kuning'iniza, kipande cha uzi, kalamu na daftari vyatosha.

Maana ya mkazo

Mkazo ni nguvu inayouvuta uzi kabla haujabanwa kwenye fremu. Katika badminton, almaarufu mpira wa vinyoya, nguvu hiyo bado hutajwa kwa ratili, ingawa mashine nyingi huweza pia kuonyesha kilo. Ratili moja ni takriban gramu 454. Hivyo basi, ratili 20 ni kilo 9.07, ratili 24 ni kilo 10.89, na ratili 28 ni kilo 12.70.

Aghalabu, wanaoanza kucheza hushauriwa kutumia kati ya ratili 20 na 24, ilhali wachezaji wa viwango vya juu hupita 28. Nyuzi zilizolegea kiasi hukirusha kinyoya mbali bila mchezaji kutumia nguvu nyingi. Zilizokazwa humpa udhibiti zaidi, lakini humlazimu kupiga kwa sehemu ndogo ya katikati, na akikosea mshtuko hupanda hadi kwenye kiwiko na bega.

Fremu nayo ina mpaka wake. Raketi ya kawaida ina nyuzi 22 za wima, kila mojawapo ikivutwa kivyake. Zikivutwa kwa ratili 24, jumla yake ni ratili 528, yaani kilo 240 hivi, zinazoikaza fremu ya kaboni ambayo raketi yake nzima ina uzito usiozidi gramu 100.

Watengenezaji huandika kwenye raketi kiwango cha juu cha mkazo ambacho fremu inaweza kustahimili. Tuseme raketi imeandikwa ratili 28, na mchezaji ameagiza 27 akidhani amejihadhari. Iwapo mashine huvuta ratili tatu zaidi ya inavyoonyesha, raketi hiyo imefungwa kwa 30. Ikipasuka, mchezaji atamlaumu fundi, fundi atailaumu raketi, na mwenye duka huenda akakataa kuibadilisha. Mkosaji halisi atabaki juu ya meza akisubiri raketi nyingine.

Aina tatu za mashine

Kabla ya kukagua, ni sharti fundi aelewe mashine yake inavyofanya kazi, kwa sababu kila aina ina ugonjwa wake.

Ya kwanza ni mashine ya wenzo, ambayo hutumia jiwe la mizani linalotelezeshwa kwenye mkono wa chuma. Haina springi wala umeme. Kadiri jiwe linavyosogezwa mbali na mhimili, ndivyo mkazo unavyoongezeka. Nambari zilizochorwa kwenye mkono huwa za kweli pale tu mkono unapolala sawasawa na meza.

Mkono ukiinama kwa nyuzi 10 za pembe, mkazo hupungua kwa asilimia 1.5 hivi. Ukiinama kwa nyuzi 20 hupungua kwa asilimia sita, na kwa nyuzi 30 kwa zaidi ya asilimia 13. Kwa maneno mengine, fundi aliyekusudia ratili 26 huishia kupata 22.5. Hapa mashine haina kosa. Kosa ni la haraka ya fundi.

Ya pili ni mashine ya kuzungusha kwa mkono. Fundi huzungusha mpini hadi springi ifikie kiasi kilichowekwa, kisha breki hujifunga yenyewe. Udhaifu wake ni springi inayochoka na breki inayochafuka. Isitoshe, breki ikishajifunga, uzi huendelea kulegea kidogo nayo mashine haiuvuti tena. Hii ndiyo sababu raketi iliyofungwa kwa mashine hii aghalabu huwa laini kuliko iliyofungwa kwa mashine ya umeme kwa nambari iyo hiyo.

Ya tatu ni mashine ya umeme, yenye mota na kifaa cha kuhisi mkazo. Uzi ukilegea, mota huuvuta tena hadi nambari irejee. Wengi huiamini kupita kiasi kwa kuwa kioo chake huonyesha nambari hadi sehemu ya kumi ya ratili. Lakini kioo huonyesha kile ambacho kifaa cha kuhisi kimekiambia, na kifaa hicho kikipotoka, kioo hutangaza uongo huo kwa ufasaha.

Mizani kwanza

Kosa la kwanza la wengi ni kuikagua mashine kwa mizani ambayo yenyewe haijakaguliwa. Kipofu hawezi kumwongoza kipofu mwenzake.

Mizani inayofaa ni ile ya ndoano, ndugu ya ile inayofahamika na wakulima kwenye vituo vya kupimia majani chai, ila iwe ndogo. Iweze kupima angalau kilo 20 na kuonyesha tofauti ya gramu 50 au chini ya hapo. Mizani kubwa ambayo alama zake zimeachana kwa nusu kilo haifai, kwa kuwa nusu kilo ni zaidi ya ratili moja, na ratili moja ndiyo inayotafutwa.

Ili kuithibitisha, fundi achukue mtungi wa plastiki, autie maji lita 10 na kuufunga. Maji hayo yana uzito unaokaribia kilo 10, mbali na uzito wa mtungi wenyewe. Kwa kuwa alama za mitungi si za kutegemewa, mtungi huo na upimwe kwanza kwenye mizani ya duka iliyopigwa muhuri na maafisa wa vipimo na mizani, ambao sheria ya Kenya huwapa jukumu la kukagua mizani za biashara. Uzito utakaopatikana uandikwe juu ya mtungi kwa wino usiofutika.

Kuanzia hapo fundi ana kipimo chake cha kudumu. Kila anapotaka kukagua mashine, huuning'iniza mtungi kwanza. Mizani ikikubaliana na maandishi, kazi iendelee. Isipokubaliana, tofauti hiyo izingatiwe katika hesabu.

Namna ya kufanya jaribio

Fundi hukata kipande cha uzi wa raketi na kukipiga kitanzi upande mmoja. Kitanzi huingia kwenye ndoano ya mizani, na ncha ya pili huingia kwenye kibano cha kuvutia cha mashine. Upande wa nyuma wa mizani hufungwa kwa kamba imara kwenye nguzo ya mashine, mahali ambapo raketi ingekaa.

Mizani, uzi na kibano vyote viwe kwenye mstari mmoja ulionyooka, bila kugusa kitu pembeni. Uzi ukisugua chuma popote, sehemu ya nguvu hupotelea hapo na jaribio huharibika. Mashine ya umeme iwashwe mapema, na kama ina mtindo wa kuvuta zaidi kwanza kisha kulegeza, mtindo huo uzimwe.

Mashine huwekwa ratili 20, ikavuta, na mizani ikasomwa. Kwa mashine ya kuzungusha, mizani isomwe papo hapo breki inapojifunga. Kwa ile ya wenzo, isomwe mkono ukiwa umelala sawa. Uzi hulegezwa, kisha jaribio hurudiwa hadi mara tano, na kila jibu likaandikwa. Baadaye hufanywa vivyo hivyo kwa ratili 24 na 28, kwani mashine yaweza kuwa sahihi chini na ikapotoka juu.

Kusoma majibu

Hapa ndipo penye kiini cha ukaguzi wote. Maswali ni mawili, wala si moja. Je, mashine iko karibu na ukweli? Na je, husema jambo lile lile kila inapoulizwa?

Chukua mfano wa mashine mbili zilizowekwa ratili 24, yaani kilo 10.89. Ya kwanza inatoa kilo 10.4, 10.4, 10.5, 10.4 na 10.4. Wastani wake ni kilo 10.42, sawa na ratili 23. Ya pili inatoa kilo 10.9, 10.3, 11.4, 10.7 na 11.2. Wastani wake ni kilo 10.9 kamili.

Anayetazama wastani pekee ataisifu mashine ya pili na kuitupa ya kwanza. Atakuwa amekosea vibaya. Ya kwanza imepungukiwa na ratili moja, lakini hupungukiwa vivyo hivyo kila mara. Fundi akijua hilo, huweka 25 apate 24, na kazi yake ikawa safi.

Ya pili haina tiba ya aina hiyo. Kati ya jibu lake la chini na la juu kuna kilo 1.1, ambazo ni zaidi ya ratili mbili. Raketi itakayotoka kwake itakuwa na uzi mmoja mkali na jirani yake umelegea, na hakuna nambari ambayo fundi anaweza kuweka ili kuirekebisha. Kwa hivyo, uthabiti hutangulia usahihi. Anayekosea kwa namna moja huweza kusahihishwa, lakini kigeugeu hana dawa isipokuwa kufunguliwa, kusafishwa na kubadilishiwa vipuri.

Tofauti isiyozidi nusu ratili haifai kumnyima fundi usingizi. Ikifika ratili moja, arekebishe. Mashine nyingi za kuzungusha zina skrubu au nati ya kurekebisha springi, nayo izungushwe kidogo kidogo huku jaribio likirudiwa. Mashine nyingi za umeme zina sehemu ya marekebisho iliyoelezwa kwenye kijitabu chake. Pasipo njia hiyo, karatasi iliyobandikwa kando ya mashine ikionyesha tofauti katika kila kiwango inatosha.

Mashine ikishinda mtihani

Huenda mashine ikapatikana haina hatia, na bado wateja wakalalamika kwamba nyuzi zimelegea. Hapo macho yaelekee kwenye vibano vinavyoushikilia uzi baada ya kuvutwa. Kibano kichafu huacha uzi uteleze. Fundi anaweza kutia alama ya kalamu kwenye uzi pale unapotoka kwenye kibano; alama ikisogea baada ya mashine kuachilia, mwizi wa mkazo amepatikana. Mara nyingi kusafisha meno ya kibano kwa spiriti humaliza tatizo.

Ikumbukwe pia kwamba mkazo uliovutwa si mkazo utakaobaki kwenye raketi. Sehemu yake hupotea kwa msuguano kwenye matundu ya fremu, nyingine kibano kinaporudi nyuma kidogo, na nyuzi zenyewe huendelea kulegea, hasa katika saa za mwanzo. Ndiyo maana programu za simu zinazosikiliza mlio wa nyuzi haziwezi kuihukumu mashine. Mlio hubadilika kwa uchache kuliko mkazo: mkazo ukishuka kwa asilimia 10, mlio hushuka kwa asilimia tano hivi. Programu hizo zinafaa kwa kuifuatilia raketi moja inavyolegea siku baada ya siku.

Ukaguzi ufanywe kila mashine inapohamishwa, kila inaporekebishwa, na kabla ya mashindano. Fundi anayefunga raketi nyingi aufanye kila wiki, kisha aandike tarehe na majibu. Daftari hilo litamwonyesha mapema springi inapoanza kuchoka, kabla ya raketi ya mteja kumwonyesha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mchezaji naye ana haki ya kuuliza mashine ilikaguliwa lini, wala swali hilo si matusi. Fundi mwenye daftari atalifungua bila kinyongo. Asiyekuwa nalo atakuwa amejibu vilevile.